Uhuru ya Angani na Vyanzo Visivyoonekana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, ikiwa imepunguzwa kidogo kwa ajili ya jarida hili)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme juu ya sayansi na maendeleo. Kwa heshima zote, Ndugu Katibu, mada hiyo imekwisha kuhutubiwa mara nyingi katika ukumbi huu, na baadhi yetu tuliisikiliza tukiwa wima kwa sababu viti havikutosha. Nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni hili: mtu anajuaje ni kitu gani kilichopo mahali ambapo jicho lake halioni kitu?

Nitaanza na jina. Hapa Moshi ukitaja Uhuru pasipo kueleza zaidi, mtu ataelewa mambo mawili. Ataelewa siku ya tarehe 9 Desemba, au ataelewa kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, ambako Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge mwaka 1961. Lakini ipo Uhuru ya tatu, na kila ninapouliza vijana juu yake naona nyuso zinageukiana. Uhuru hiyo haikuwa mlima wala sikukuu. Ilikuwa chombo cha angani.

Tarehe 12 Desemba 1970, mchana, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka juu ya jukwaa la chuma lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo liliitwa San Marco, na wenyewe walikuwa Waitaliano, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Kichwani mwa roketi palikuwa na setilaiti yenye uzito wa kilo 142 hivi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru wake, na mama aliyesimamia mradi kwa upande wa Marekani, Bi. Marjorie Townsend, akaona vema setilaiti hiyo ipewe jina la siku yenyewe. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, yaani kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota.

Fungueni ramani mtaona jambo la kupendeza. Jukwaa la San Marco lilikuwa karibu digrii 3 kusini ya Ikweta. Kibo nayo iko digrii 3 na kidogo kusini ya Ikweta. Setilaiti ile ilizungushwa Dunia kwa njia iliyokaribiana sana na Ikweta, isiyopanda wala kushuka zaidi ya digrii 3, kilomita zipatazo 550 juu, na kila mzunguko ulichukua dakika 96 hivi. Maana yake ni kwamba ilipita juu ya upande wetu huu mara 14 hivi kila siku, usiku na mchana, na mara nyingine ilikaribia kupita juu ya Kibo kabisa. Uhuru ya chini na Uhuru ya juu zilikuwa majirani.

Wanafunzi watauliza, na wana haki kuuliza: Waitaliano na Wamarekani walifuata nini Malindi? Hawakufuata ufukwe. Mahali palipo karibu na Ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa mashariki huazimwa kasi hiyo bure. Tena mbele yake ni Bahari ya Hindi, na mabaki yakianguka hayamwangukii mtu. Jambo la tatu ndilo lililowavutia zaidi wataalamu wa eksirei: setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya lile eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye umeme hushuka chini na kuvipumbaza vipimo.

Sasa, kwa nini kwenda angani? Kwa nini mtu asipeleke chombo chake kileleni Kibo akakaa huko na blanketi? Hesabu yake ni rahisi. Hewa iliyo juu ya mtu aliyesimama pwani ina uzito sawa na maji yenye kina cha mita 10. Ukipanda mpaka kilele cha Uhuru, nusu yake hivi unaiacha chini ya miguu yako, lakini juu ya kichwa bado umebeba kiasi cha mita 5 za maji. Eksirei ambazo setilaiti ile ilitafuta ni laini kuliko zile zinazotumika hospitalini kupigia picha mfupa. Sentimita chache tu za maji zinatosha kuzimeza. Basi kwa eksirei hizi Kibo ni bonde lenye kina kirefu, sawa na Pangani au Tanga, na hakuna mlima duniani unaofaa. Ni roketi au hakuna.

Wa kwanza kufanikiwa walikuwa Riccardo Giacconi na wenzake, Juni 1962, kwa roketi ndogo iliyorushwa kutoka jangwa la New Mexico. Walisema wanakwenda kuangalia kama Mwezi unatoa eksirei kwa kupigwa na Jua. Roketi ilikaa juu dakika chache tu. Katika dakika hizo iliona chanzo kikali upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, mbali na ulipokuwa Mwezi, na tena iliona mwanga hafifu wa eksirei umetanda anga lote. Chanzo hicho kiliitwa Scorpius X-1. Watu wa darubini walipogeuza darubini zao kuelekea upande ule hawakuona kitu cha ajabu. Nyota ni nyingi mno upande huo, na hakuna iliyoandikwa usoni kwamba ndiyo mimi.

Hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu, na naomba nitumie mfano wa nyumbani.

Simama hapa mjini Moshi usiku, utazame juu mlimani, Kibosho, Uru na Old Moshi. Unaona taa nyingi. Sasa uwe unasikia muziki wa arusi kutoka huko juu. Sikio lako linakuambia upande, lakini halikuambii nyumba. Katika upande ule zipo taa mia tatu. Mtu mwenye haraka atanyosha kidole kwenye taa iliyo kali kuliko zote aseme ni pale. Huenda ni kanisa. Huenda ni duka la mtu aliyelala zamani. Na huenda nyumba yenye muziki imefichwa na migomba wala taa yake huioni kabisa, ila ya jirani yake ndiyo inayoonekana.

Utafanyaje ujue? Njia moja ni kupata sikio bora, linalopunguza taa mia tatu ziwe kumi. Njia ya pili wakazi wa Moshi wanaifahamu bila kufundishwa. Ngoja umeme ukatike. Ikiwa taa fulani imezimika na muziki nao umenyamaza saa ileile, halafu vyote viwili vikarudi pamoja, na jambo hilo likatokea mara tatu, basi hapana ubishi tena.

Ndugu zangu, wataalamu wa eksirei walifanya hayo mawili, na hawakufanya mengi zaidi ya hayo.

Sikio la Uhuru ya angani halikuwa kioo wala lenzi. Lilikuwa masanduku mawili ya gesi, na mbele ya kila moja mirija ya chuma iliyobana upeo wake, mmoja kiasi cha nusu digrii kwa digrii 5, mwingine digrii 5 kwa digrii 5. Setilaiti ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, ikipitisha mwanya huo angani kama mtu anayechungulia kupitia ufa wa mlango huku anatembea. Nusu digrii ni upana wa Mwezi mpevu. Kwa chanzo chenye nguvu waliweza kubana mahali pake zaidi ya hapo, lakini kwa vyanzo hafifu kilichobaki kilikuwa eneo pana la anga lenye maelfu ya nyota ndani yake. Orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Nyingi ya namba hizo hazikuwa na nyota ya kuonekana iliyokubalika kuwa ndiyo mwenyewe.

Nisimame kidogo kwenye orodha hiyo. Vyanzo vyake vinaitwa kwa namba inayotanguliwa na 4U, kwa mfano 4U 1700-37. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha, na U ni Uhuru. Hata leo mtaalamu wa Tokyo au Cambridge anapoandika makala juu ya chanzo kimojawapo, anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, na nadhani wengi wao hawajui. Sisi tulitoa jina, Kenya ikatoa bahari. Wataalamu walitoka kwingine. Mwaka ule ule wa 1970 ndio Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kusimama peke yake, na taifa lilihitaji walimu na wahandisi wa maji kabla ya wapelelezi wa nyota. Sisemi kwamba uchaguzi huo ulikuwa mbaya. Nasema tu kwamba hesabu yake haijafungwa, na nitairudia.

Turudi kwenye Nge. Mwaka 1966 kundi la Giacconi lilirusha roketi nyingine yenye kipimo kilichobuniwa na Mjapani Minoru Oda, likabana mahali pa Scorpius X-1 mpaka sehemu ya thelathini hivi ya upana wa Mwezi. Ndani ya kisehemu hicho wanafalaki wa Japani na Marekani walikuta nyota moja ya buluu, hafifu, ya daraja la 13, ambayo jicho tupu haliwezi kuiona hata kidogo. Nguvu inayotoka hapo kama eksirei ni kama mara elfu moja ya ile inayotoka kama mwanga wa kawaida. Jua letu ni kinyume kabisa, kwani eksirei zake ni chembe ndogo mno ya mwanga wake. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba kitu kile si jua la aina tunayoijua.

Umeme kukatika ulionekana kwa Centaurus X-3. Uhuru iligundua mwaka 1971 kwamba chanzo hicho kinapigapiga kila sekunde 4.8, na kwamba kila siku mbili na kidogo kinazimika kwa muda wa karibu nusu siku, halafu kinawaka tena. Kitu kinachofanya hivyo kwa saa kamili kinazunguka nyota kubwa na kupita nyuma yake. Hivyo ilijulikana kwamba ni jozi, ilijulikana mzunguko wao, yalijulikana mengi juu ya uzito wao, na bado hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1974, ambapo Mpolandi Wojciech Krzemiński alitangaza nyota ya buluu ambayo mwanga wake unapanda na kushuka kwa kipindi kilekile cha siku mbili na kidogo. Taa na muziki vikaenda pamoja. Nyota hiyo sasa inaitwa kwa jina lake.

Angalieni, lakini, kwamba nyota aliyoiona Krzemiński siyo inayotoa eksirei. Ni jirani yake. Inayotoa eksirei ni nyota ya nutroni, yaani kiini cha nyota kubwa iliyolipuka na kujibana. Uzito wake unazidi wa Jua, na upana wake hauzidi umbali wa kutoka Moshi hadi Himo. Gesi ya jirani inaiangukia kwa kasi ya kutisha, inapata joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto hilo hutoa zaidi eksirei kuliko mwanga tunaouona. Ndiyo sababu vyanzo hivi vilikuwa vigumu kupatikana: kadiri kitu kinavyokuwa kikali mno ndivyo macho yetu yanavyokikosa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwa Cygnus X-1, ambayo wengi wenu mmesikia habari zake. Uhuru iliona eksirei zake zinarukaruka bila mpango katika sehemu ndogo za sekunde. Katika majira ya kuchipua huko kaskazini, mwaka 1971, eksirei hizo zilibadilika tabia, na wakati uleule mawimbi ya redio yakaanza kusikika kutoka pembeni mwa nyota iliyokwisha kuorodheshwa kitambo, namba HDE 226868. Darubini za redio hupima mahali kwa usahihi mkubwa, na hapo ubishi ukapungua. Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton wa Kanada, wakaonyesha kwamba nyota hiyo inayumbayumba kila siku 5.6 ikizunguka na kitu kizito kisichoonekana, kizito kuliko nyota ya nutroni inavyoweza kuwa. Ikawa ndiyo ya kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni kama wa majua 21.

Mpaka hapa, hata hivyo, palikuwa na jirani wa kuonekana. Je, akiwa hana jirani?

Jukwaa lile la Malindi halikurusha chombo kimoja tu. Novemba 1972 ilirushwa setilaiti nyingine ya Marekani, SAS-2, ya kupima mionzi ya gama, ambayo ni mikali kuliko eksirei. Waingereza walirusha Ariel 5 kutoka hapohapo Oktoba 1974, na SAS-3 ikafuata Mei 1975. SAS-2 ilifanya kazi miezi michache tu, lakini iliona jambo lililowasumbua watu miaka 20. Katika kundi la Mapacha ilikuta chanzo kikali cha gama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na nyota iliyofaa wala redio. Mwitaliano Giovanni Bignami, wa Milano, akakipa jina la Geminga. Kwa upande mmoja jina hilo ni kifupi cha Mapacha na gama. Kwa upande mwingine, katika lugha ya kwao Milano, matamshi yake yana maana ya “hakipo”. Mwenye kupenda utani ataona kwamba kutoka jukwaa moja la pwani yetu yalitoka majina mawili ya lugha za watu wa kawaida, moja Kiswahili na moja Kimilano, yote yakabaki vitabuni.

Geminga ilipelelezwa hivi. Eneo la gama lilikuwa pana. Setilaiti Einstein, iliyorushwa Novemba 1978 ikiwa na vioo halisi vya kukusanya eksirei, ilielekezwa huko. Ilikuta vyanzo vichache vya eksirei ndani ya eneo. Karibu vyote vilikuwa na maelezo ya kawaida. Kimoja hakikuwa na chochote cha kuonekana, na mwaka 1983 Bignami, Patrizia Caraveo na Richard Lamb walichapisha hoja ambayo mimi naiona ni ya ujasiri: hicho kisicho na chochote ndicho tunachokitafuta. Yaani kukosekana kwa mwanga hawakukuhesabu kuwa pengo katika ushahidi. Walikuhesabu kuwa ushahidi. Maana nyota ya nutroni iliyo peke yake, isiyo na jirani wa kuilisha, lazima iwe hafifu namna hiyo.

Darubini kubwa zilikaza macho mahali pale, na mwaka 1987 ikatangazwa nukta ya daraja la 25.5. Tafsiri yake ni hii: chukua nyota hafifu kuliko zote unazoweza kuziona kwa macho usiku wa giza kule Rongai, kisha igawanye mwanga wake kwa zaidi ya milioni 60. Bado palikuwa na ubishi, kwa sababu nukta kuwa ndani ya eneo si hati ya umiliki. Anga lina nukta nyingi za daraja hilo.

Mwaka 1992 Jules Halpern na Stephen Holt, kwa vipimo vya setilaiti ROSAT, walikuta eksirei za Geminga zinapiga mara moja kila sekunde 0.237. Moyo wake ukajulikana. Wataalamu wa gama wakatafuta pigo hilohilo katika vipimo vyao vipya, wakalikuta. Halafu mtu akafikiri kurudi kwenye mikanda ya zamani. Pigo la sekunde 0.237 likakutwa ndani ya vipimo vya SAS-2, vile vilivyochukuliwa kati ya 1972 na 1973 na chombo kilichoruka kutoka Malindi.

Nataka wanafunzi walitafakari hilo pole pole. Jibu lilikuwa ndani ya mikanda miaka 20. Lilikwisha kupimwa na kuandikwa. Halikuonekana kwa sababu chembe za gama zilizopokewa zilikuwa chache, na asiyejua ni kipindi gani anachotafuta hakuweza kukipambanua katika uchache ule. Kama karani mmoja mwaka 1980 angeamua kwamba mikanda ya zamani inajaza kabati, tungekosa uthibitisho huo. (Hapa namwangalia mtunza kumbukumbu wa chama chetu, na anajua kwa nini.)

Baadaye ikapimwa kwamba ile nukta hafifu inasogea angani mwaka hata mwaka, kama inavyotazamiwa kwa kitu kilicho karibu kinachokwenda mbio. Geminga iko umbali wa miakanuru 800 hivi, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 340,000. Kwa mambo ya nyota huyo ni jirani, na ni kijana. “Hakipo” kilikuwapo mlangoni.

Nimetumia muda mwingi, na Mwenyekiti anatazama saa. Nipite haraka miaka iliyofuata. Uhuru yenyewe ilikoma kufanya kazi mwaka 1973 na ikaanguka na kuteketea angani tarehe 5 Aprili 1979, siku chache kabla majeshi yetu hayajaingia Kampala, kwa hiyo sidhani kama gazeti lolote hapa lilikuwa na nafasi ya habari hiyo. Jukwaa la San Marco lilirusha chombo chake cha mwisho mwaka 1988. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 na alifariki mwaka 2018. Darubini ya eksirei Chandra, iliyopelekwa angani mwaka 1999, hubainisha mahali kwa usahihi ambao, lau Dunia isingekuwa mviringo, ungemwezesha mtu aliyeko Moshi kuzitofautisha taa mbili za mbele za basi lililoko Dar es Salaam. Kwa chombo hicho ule mwanga hafifu ulioonekana mwaka 1962 ukitanda anga lote uligunduliwa kwamba sehemu yake kubwa ni vyanzo vidogovidogo visivyohesabika, hasa mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi za mbali. Nyingi za galaksi hizo ni hafifu mno, au zimefunikwa na vumbi, hata picha za mwanga wa kawaida zinazikosa.

Na tatizo la mwaka 1970 limerudi kwa ukubwa mwingine. Chombo cha Kijerumani eROSITA, kilichopelekwa mwaka 2019, kilitoa orodha yake ya kwanza Januari 2024. Katika nusu moja ya anga kina vyanzo karibu 900,000. Uhuru ilikuwa na 339. Wengi wa hao laki tisa wamewekwa mafungu kwa hesabu ya kompyuta, kwa kulinganisha rangi na mahali, na kompyuta nayo ni mtu mwenye haraka anayenyosha kidole kwenye taa kali. Hutoa jibu pamoja na kiasi cha kuliamini. Katika hao wamo wasiolingana na kitu chochote kinachoonekana, na humo ndimo mnamojificha akina Geminga wengine. ROSAT peke yake, katika miaka ya tisini, ilitoa nyota saba za nutroni za namna hiyo, zilizo pweke, na zilipatikana kwa sababu mtu alikataa kuridhika na jibu la jirani.

Nilisema nitarudia ile hesabu isiyofungwa. Mwaka 1970 mwanafunzi wa shule hii, hata awe hodari namna gani, asingeweza kushika vipimo vya Uhuru. Vilikuwa kwenye mikanda, na mikanda ilikuwa Marekani. Leo vipimo vya ROSAT na vya Chandra, na hiyo orodha ya eROSITA, vimewekwa wazi bila malipo kwa mwenye kompyuta na intaneti, awe Munich au Marangu. Hahitaji kuombewa na mtu. Anachohitaji ni hesabu nzuri ya kidato cha sita, Kiingereza cha kusomea makala, mwalimu mmoja asiyeogopa kusema “tutafute wote”, na muda. Chama chetu kimekubaliana kukarabati choo na uzio, na mimi nimechangia vyote viwili. Napendekeza mwakani tununue pia kompyuta mbili kwa ajili ya klabu ya fizikia, na nimekwisha kumpa mweka hazina mchango wangu wa kwanza kabla hajanitoroka.

La mwisho ni maelekezo tu, kwa wale watakaobaki nyumbani mpaka mwisho wa Desemba. Usiku, kama saa sita na nusu, pakiwa hakuna mawingu, simameni mkitazama kaskazini, yaani upande wa Kibo, kisha inueni macho juu ya mlima mpaka karibu utosini. Mtaona kundi la Mapacha, na miguuni pake nyota nyeupe yenye jina la Kiarabu, Alhena. Kutoka hapo shukeni kidogo kuelekea mlimani, umbali wa miezi mpevu mitatu hivi, mkienda kushoto kidogo. Hapo hamtaona kitu. Ndipo Geminga ilipo.